Wa Arubaini na Moja

Kwenye fomu, penye "Dhumuni la Maombi",
niliandika: kula.
Karani akanitazama juu ya miwani.
"Bibi, hapa huandikwa kilimo."
Andika ulitakalo, mwanangu,
lakini kilichonipandisha ngazi za Manispaa
na goti hili
si kilimo.

Kiwanja chenyewe ukikiona utacheka.
Kiko nyuma ya jumba letu, Michenzani,
baina ya shimo la maji machafu
na kibanda cha pampu iliyokufa zamani.
Nimekipima kwa kanga: kanga tano urefu, na ncha.
Pana vigae, pana matairi,
pana kiunzi cha vespa ambacho watoto
wamekigeuza kamba ya nguo.
Lakini pembeni umeota mnavu, wenyewe,
haukupandwa na mtu,
na mnavu hausemi uongo kuhusu udongo.

Barua ikenda kwa sheha. Sheha yuko harusini, Chwaka.
Sheha karudi, muhuri umekauka wino.
Wino umepatikana, faili halina picha.
Picha ninayo; ati nyuma iwe nyeupe, si buluu.
Njoo Jumatatu.
Jumatatu ofisi nzima imekwenda semina
ya kilimo cha mjini.

Mbele yangu kwenye orodha, wa arubaini,
alikuwa Mzee Ussi Pandu, fundi cherehani wa Kikwajuni.
Alitaka sehemu ya bamia, na mbaazi kidogo.
Tulikaa benchi moja miezi minane.
Ndiye aliyenifundisha kuotesha pilipili
ndani ya ganda la yai.

Mfunguo Tano wakamzika, Mwanakwerekwe.
Mwanangu Kheri alirudi maziarani
na udongo kwenye viatu: mwekundu, laini,
nikautazama kuliko inavyopasa.
"Udongo mzuri," nikasema,
nikajuta.

Arubaini yake ikasomwa. Nikenda tena Manispaa.
Bado yuko mbele yangu.
"Huyu amefariki," nikasema.
"Tuletee cheti."
"Mie si ndugu yake."
"Basi mpaka wenyewe waje wamtoe."
Siku za mwizi ni arubaini.
Za mwombaji udongo hazijahesabiwa na mtu.

Nikamwendea binti yake, Zulekha, kwa adabu,
na kikapu cha ndizi, maneno nimeyapanga njiani.
Akanisikiliza mpaka mwisho.
"Hatumtoi, Bi Mize. Miaka tisa kangoja.
Mwacheni baba apate."
Ndizi nikaziacha pale.
Maneno sikuyaona tena.

Nyumbani ni ghorofa ya nne, na maji hayapandi.
Mvua yangu ni maji ya kuoshea mchele.
Tungule zimo kwenye makopo ya rangi,
pilipili za Mzee Ussi zimehamia kopo la maziwa.
Mche wa boga niliutia debe la samli,
nikauambia subiri, barua iko njiani.
Mwezi ulipopita ukachoka nami,
ukapanda ukingo wa baraza,
ukajiachia upande wa pili.

Chini yangu anakaa Bi Zuwena.
Hatusemezani tangu bomba lilipopasuka,
mwaka wa pili huu.
Ijumaa mlango ukabishwa: mtoto wake, na sahani,
majani ya boga kwa nazi, yamewiva vizuri,
na salamu fupi:
"Mama anasema haya ni yako."

Tulikula. Sahani iko juu ya kabati.
Sahani ya jirani hairudi tupu,
na mie cha kutia
ndicho ninachokiombea.

Leo alfajiri nimechungulia.
Ncha ya mche imepita dirisha la ghorofa ya pili,
nyembamba, yenye manyoya, inatafuta.
Haina picha, nyeupe wala buluu.
Imebakisha ghorofa moja.
Sikuivuta.