Nyuma ya Boksi

Boksi lilikuwa na majua mawili.
Hilo nalikumbuka kuliko sura ya mwalimu wangu wa darasa la tano:
jua moja jekundu, jingine rangi ya bibo lililoiva,
na chini yake mtu mwenye upanga wa mwanga,
misuli imemtuna kama mpagazi wa ghala la korosho,
jasho linamtoka. Jasho! Nilihesabu matone.

Nyuma, vipicha vinne:
mto wa moto,
ngome,
farasi mwenye mbawa,
na mwanamke juu ya mnara, analia,
chozi lipo kabisa.

Duka la Likapa, Ndoro, Lindi mjini:
kushoto betri na tairi za baiskeli, kulia studio ya picha.
Nikitoka shule aliniruhusu kulishika boksi,
mkono mmoja tu. "Wa kulia," alisema, "na uwe umenawa."

Msimu ule nikaokota korosho za Bibi Somoe kule Mingoyo,
nikazibangua, utomvu ukanibabua vidole vikawa vya mzee.
Bibi akauliza, fedha zote hizi za nini?
Za mchezo, nikasema.
"Kumbe mchezo nao unanunuliwa?"
Akanihesabia noti, moja moja, kwa huzuni.

Mashine ilikuwa ya kina Nangoma. Ilikuja na meli kutoka Dar.
Televisheni yao ya chogo, nyeusi na nyeupe,
kwa hiyo jua jekundu tulishalisamehe kabla ya kuwasha.
Umeme wa mgao, zamu ya mtaa wetu saa mbili usiku.
Tulikuwa tisa mkekani.
Athumani akaipuliza kaseti
kama mama anavyopuliza kidonda.

Ikawaka.

Mtu wa upanga alikuwa vimraba kumi na viwili.
Navyo nilivihesabu.
Upanga, kijiti. Mguu mmoja umeganda.
Mto wa moto, mstari unaometameta.
Kuhusu farasi tulibishana: farasi, au kiatu?
Mnara haukuwepo, mwanamke hakuwepo,
na anga ilikuwa nyeusi tupu, nyeusi ya bei rahisi.

Hakuna aliyecheka. Athumani akasema,
"Labda yuko mbele."

Basi tukamtafuta mbele.
Miezi minne, zamu kwa zamu, vidole gumba vimeota sugu,
tukivuka mstari, tukikifukuza kiatu,
na kila tulipokaribia, au tulipodhani tunakaribia,
umeme ulikatika
tukabaki gizani tukisimuliana ngome ilivyokuwa.

Nikarudi kwa Likapa na boksi kwapani.
Akavaa miwani, akaligeuza. Chini kabisa,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Akasoma, akatafsiri kwa madaha:
"Mwonekano waweza kutofautiana."
Akanirudishia. "Umetofautiana."

Nyuma yake lilining'inia pazia la studio:
ndege imechorwa, ngazi zake, mawingu, rubani anapunga mkono.
Hapo alisimama mama yangu, mwaka nilioanza shule,
mguu mmoja kwenye ngazi isiyopandika,
mkononi saa ya Likapa, ambayo daima ilikuwa saa nne na dakika kumi.
Picha akaituma Tanga, kwa baba, kwenye mkonge.

Baba alirudi baada ya masika mawili.
Akasimama mlangoni na ile picha.
Akaitazama. Akatazama makuti, sufuria, mama
aliyekuwa anafuta mikono kwenye kanga.
Nilisubiri aseme neno.
Aliomba maji.
Akanywa, akaomba tena,
na kesho yake akapanda darini kubadilisha makuti.

Kaseti ilikufa zamani, kutu.
Boksi ninalo, naweka humo risiti za umeme.
Binti yangu Mwanaidi juzi alilikuta, akauliza:
huyu dada wa mnarani, mlimwokoa?
Nikaanza kumweleza habari za mgao.

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amelisogeza boksi dirishani
na kuligusa kwa ncha ya kidole,
taratibu, lisije likadondoka,
chozi lile.