Mluzi wa Saa Tisa

Nilikuwa fundi redio, Kigoma, kabla ya baridi hii.
Nilijua kondensa iliyochoka kwa mlio wake tu,
nikazungusha kitufe taratibu, sikio kwenye mbao,
mpaka mtangazaji atoke kwenye mikwaruzo
kama mtu anayetoka vumbini akijipangusa.

Kwa hiyo nisiambiwe sikusikia.

Winnipeg, Januari. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Mwasiti, miaka saba, amelala upande wa ukutani
na kifuani mwake kuna mtu anapiga mluzi,
mwembamba, wa mwishoni mwa pumzi,
ule wa birika kabla halijaamua kuchemka.
Nahesabu. Anatoa, anatoa, bado anatoa.
Pumzi ya kutoka imekuwa ndefu kuliko ya kuingia,
kama mgeni asiyejua kuaga.

Mchana, kliniki: kifua kimya.
Kimya kama mtoto aliyevunja kikombe.
Daktari anaweka chombo chake mgongoni, huku, kule,
anasema, "Safi." Anasema, "Tuendelee kuangalia."
Nami kwa Kiingereza changu cha ghala la viazi
nasema: usiku. Njoo usiku. Kifua kinaongea usiku.

Ndipo Bi Oksana Hrynchuk, wa chumba cha mwisho,
akafungua droo, akatoa kinasa sauti
kidogo, sawa na kifungo cha koti.
"Mbandike hapa, chini ya koo. Mlale kama kawaida."
Kama kawaida!
Nilimbandika kwa plasta yenye katuni za twiga
nikaketi kukilinda kifungo.
Usingizi ulinikuta kitini, kidevu kwenye mto wake.

Wiki iliyofuata alituonyesha usiku wetu kwenye skrini.
Sikujua usiku una rangi.
Pumzi ya kawaida ni ukungu wa samawati,
unapanda, unashuka, hauna habari na mtu.
Kisha, kwa saa yao saa tatu, kwangu mimi saa tisa,
mistari ya manjano, imenyooka, mmoja juu ya mwenzake.
"Huu hapa mluzi wako," alisema.
Wako, alisema. Nilitaka kumbusu mkono.
Miaka miwili nimeitwa baba mwenye wasiwasi;
sasa wasiwasi wangu una picha, una saa, una dakika.

Mwasiti akauliza kama anaruhusiwa kubadilisha rangi.

Halafu Bi Oksana akanyamaza, akasogeza kiti.
Akakirudia kipande. Akakirudia tena.
"Hii ya chini," alisema, "nyekundu, nzito, haiendani na yake.
Yeye anavuta, hii inatoa.
Nani alikuwa karibu na kinasa?"

Nilitazama dari. Nikalikumbuka ghala,
vumbi la magunia linaloganda kooni,
ngazi za ghorofa ya tatu ninazozikatisha katikati
nikijifanya natafuta funguo.
Fundi husikia redio ya kila mtu;
yake nyumbani inakwaruza mwaka mzima.

Lugha yangu imelijua hili zamani:
pumzika ni mtoto wa pumzi,
na pumu amepanga chumba nyumba hiyo hiyo,
haji kwa hodi.

Akaandika kitu. Akasema nitapigiwa simu.
Sijapigiwa bado.

Kifungo tumeongezewa siku tano.
Jana usiku, pampu yake ya buluu ikiwa kwenye stuli,
Mwasiti alikibandua shingoni mwake,
akanibandika mimi, plasta imekwisha gundi,
ameishikilia kwa kidole gumba,
kidole kingine ameweka mdomoni:
"Vuta, Baba. Toa. Usiongee,
ukiongea picha inaharibika."