Kijiko cha Kopo

Kopo lilifika na basi la usiku kutoka Dar,
zito, limeviringishwa gazeti,
ubavuni picha ya mtu asiye na shingo.
Laki moja na themanini.
Mama akauliza: dawa ya nini?
Ya misuli, nikasema.
Akanitazama kama anayesoma barua ya deni.

Tunanyanyulia uani kwa Shemdoe, Barabara ya Kumi na Sita.
Vyuma vya kweli ni viwili tu,
vingine ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi,
na bomba la maji katikati.
Nilikuwa nikimaliza nakoroga unga wangu mbele ya watu,
natikisa chupa kwa mbwembwe,
nakunywa povu lenye chokoleti ya kusingiziwa.
Ngoda, jirani yangu, alikuwa akimenya yai.

Miezi mitatu.
Shemdoe akaleta utepe wa mkewe wa cherehani.
Mkono wangu: umeongezeka sentimita mbili.
Wa Ngoda: mbili.
Pima tena, nikasema, wake hazifiki.
Akapima tena.
Labda wewe umezidi kidogo, akasema.
Labda umebana pumzi.

Hakucheka. Alikaa juu ya tofali, akajifuta jasho.
Unga si uongo, akasema. Ni chakula,
kama dagaa walivyo chakula.
Anayelala na njaa ungemfaa.
Wewe kwenu mnakula.
Mwili hausomi bei kwenye kopo;
unajua tu kama umelala,
na kama lile zege uliliinua
au ulikuwa unapiga nalo picha.

Kopo likaisha. Sikununua jingine.
Nilikitafuta kile kijiko chake cha plastiki,
sijui kwa nini, nikakikosa.

Jumamosi nikapita Mgandini.
Mama kwenye stuli, sinia la karanga mapajani,
kijiko changu mkononi:
anachota, anapangusa juu kwa kidole,
anamimina kwenye karatasi ya daftari langu la darasa la saba.
Mteja analalamika kipimo kidogo.
Hiki hakipunji, mama anamjibu, kimetoka kiwandani,
mwanangu alikinunua laki na themanini,
kopo akapewa bure.

Watu wakaangua kicheko. Nami.
Bila kuinua uso akachota viwili,
akasokota karatasi, akaninyooshea.

Nilizitafuna njia nzima hadi kwa Shemdoe,
chumvi ikinibaki midomoni.
Zege lilikuwa zito vilevile.