Magurudumu Yasiyozunguka

Januari. Chini ya kanisa la Kilutheri, kaskazini mwa Minnesota,
saa moja jioni, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Birika la kahawa linakoroma pembeni.
Nimebeba chaki, vikokotoo kumi na viwili,
na karatasi ambazo ofisi yetu ya watu watatu
imezichapa kwa wino wa kukopa.

Wamekuja kumi na tisa. Nilitaraji watano.

Nyumba zao zina magurudumu,
lakini hayajazunguka tangu Darlene Skogstad
alipoletwa hapa bibi harusi, mwaka wa sabini na nne.
Kuta ni zako, bati ni lako, hata kengele ni yako;
udongo ulio chini ni wa kampuni
ambayo anwani yake ni sanduku la posta.
Wahenga husema nyumba njema si mlango.
Hapa ningeongeza: wala si kuta.
Kodi ya kiwanja imepanda mara tatu tangu majani yapukutike.
Ukishindwa, wanakwambia: ihamishe.
Ihamishe! Kama kobe anavyoambiwa avue gamba
akapange kwingine.

Mimi si mwokozi, nawaambia. Nimekuja kufundisha hesabu.

Pao Houa Vang anaandika kila neno kwa kalamu ya kijani,
kisha anamnong'onezea mama yake kwa lugha ya kwao.
Neno "dhamana" linamchukua dakika nzima.
Mama mtu anaangua kicheko, anajibu jambo,
na Pao Houa anatafsiri:
"Anasema, kumbe benki nayo
hutaka kushikwa mkono gizani."
Nimefundisha miaka kumi na mmoja.
Sijapata kulieleza vizuri hivyo.

Eusebio, fundi bomba, hataki nadharia.
Anauliza mfereji wa maji taka utakuwa wa nani
siku tukinunua.
Wenu, namwambia.
"Hata ukipasuka Krismasi?"
Hasa ukipasuka Krismasi.
Kimya. Wawili wanachukua makoti yao.
Siwazuii. Kumiliki nako kuna matanga yake.

Mwezi wa Machi tulikwenda halmashauri.
Kila mtu dakika tatu, na taa ya kumpimia:
kijani, njano, nyekundu.
Tulifanya mazoezi jikoni kwa Darlene,
kwa saa yake ya kuchemshia mayai:
usiombe radhi, taja kiasi, taja jina la mtoto, keti.
Zamu yake ikafika. Taa ikawaka kijani.
Akasahau yote niliyomfundisha.
Akasema, "Mume wangu alifia katika chumba kile.
Nikikifunga nyuma ya lori, nikipeleke wapi?"
Kisha akanyamaza, dakika mbili na nusu nzima,
akiwatazama mmoja mmoja,
na hakuna aliyethubutu kumkatiza,
maana muda ulikuwa wake.

Ningependa kuandika kwamba tulishinda.
Tulipata nusu ya sheria: notisi ya siku sitini
kabla uwanja haujauzwa,
na haki ya kutangulia kutaja bei.
Bei yetu ya kwanza ilikataliwa Mei. Ya pili ingali mezani.
Mfadhili ameniandikia, anataka matokeo kwa tarakimu.
Nimemjibu: kumi na tisa, kasoro wawili,
na mmoja wa wale wawili amerudi.

Jana nilichelewa; theluji ya kwanza ilifunga barabara.
Nikashuka ngazi nikijifuta viatu, maneno ya kuomba radhi mdomoni,
nikakuta wamekwisha kuanza.
Pao Houa yuko ubaoni, chaki yangu mkononi mwake,
anawasomesha mizania, mstari kwa mstari,
watu nisiowajua, wa uwanja wa ng'ambo ya mto.
Nikainua mkono nimsahihishe kwenye riba.
Hakuwa amekosea.

Eusebio akanisogezea kikombe.
"Keti," akasema, "usikilize. Hapa ni pagumu."