Kofia ya Bure

Jumamosi, mnadani Msalato,
mnunuzi mmoja wa Hombolo
alimpanua mbuzi wangu mdomo
akahesabu meno kama karani wa benki,
akambonyeza mgongo, akamwinua mkia,
akamtembeza mara mbili kwenye vumbi,
na nilipodhani ameridhika
akauona ufa kwenye ukwato wa nyuma.
"Toa elfu tano," akasema.
Nikatoa. Ufa ulikuwepo.

Fedha ile sikulala nayo.
Miaka mitatu picha ilikuwa ukutani
kwenye kibanda changu cha gemu, Chang'ombe,
juu ya soketi iliyoungua:
shujaa, farasi mweusi, mlima unawaka,
na chini yake neno moja: Inakuja.
Ilipoahirishwa mara ya kwanza tukasema wanaipika.
Mara ya pili, tukasema chakula kizuri hakina pupa.
Mara ya tatu Malogo, wa darasa la sita,
akasema labda kuni zimeloa.

Nikailipia kabla haijatoka.
Hakuna aliyenipanulia mdomo wake
nihesabu meno.

Giga tisini. Ikanywa bando
kama ng'ombe wa Oktoba waliofika lamboni,
usiku mbili,
simu nimeifunga kwa mpira dirishani
ishike mtandao,
mimi sakafuni, nimekodolea asilimia.

Alfajiri watoto wamejaa mlangoni,
kila mmoja na mia tano yake imelowa jasho,
Nyemo kaja na mdogo wake mgongoni.

Ikafunguka.
Ule muziki, jamani! Dakika nzima
hakuna aliyekohoa.
Kisha shujaa akashuka kwenye farasi
akazama ardhini hadi kiunoni.
Farasi akabaki, ila kichwa hakikuja.
Mfalme akatuhutubia, mdomo kaufumba.
Tukaenda, hivyo hivyo nusu mtu,
hadi kwenye mlima unaowaka:
lango limefungwa, linauzwa peke yake.
Upanga unauzwa.
Moto wenyewe, nadhani, unauzwa.

Chilewa akadai mia tano yake.
Nikampa. Nikawapa wote.
Tukarudi kwenye mpira wetu wa zamani,
ambao nusu ya wachezaji wake
siku hizi ni makocha wenye vitambi.

Kampuni ikaandika: Tumewasikia.
Safari ndiyo kwanza inaanza.
Wiki hiyohiyo ikatangaza faida.

Sina ugomvi na aliyeuchora ule mlima.
Nimeusogelea: kila jiwe lina kivuli chake,
kuna mtu huko alikesha akiyapenda mawe.
Ugomvi wangu ni na yule wa kwenye kiti cha kuzunguka
aliyesema itoeni hivyo hivyo, watanunua.
Na kinachoniuma
ni kwamba hakukosea.

Jumanne akanijia yule wa Hombolo,
kauliza njia tangu stendi mpaka kwangu.
"Mbuzi wako anakohoa."
Hakupaza sauti. Alisimama tu mlangoni
mpaka nikahesabu elfu kumi, nikamrudishia.
Analijua jina langu. Anaujua mlango.
Mimi wangu akikohoa
nibishe hodi wapi?

Jana wameleta marekebisho, giga arobaini,
na zawadi ya kutuomba radhi:
kofia.
Nyekundu, ina unyoya.
Nyemo akamvika shujaa,
akampigisha hatua tatu,
akazama. Safari hii mzima mzima.
Kofia ikabaki juu ya ardhi.

Malogo alicheka hadi akakalia padi.
Nyemo hakucheka, aliendelea kubonyeza,
na kofia ikatembea, peke yake, sokoni,
ikapita kati ya wauza samaki,
na watu wote wa mji ule, wenye midomo iliyofumbwa,
wakaiinamia
wakaiita Bwana.