Uzi

Wamekuja watatu, wameketi dakani,
wakakohoa kama wakohoavyo wanaume
wanapotaka kitu kwa mjane.
Eda yangu ina siku arubaini na moja.
Nikamtuma mjukuu: kawaulize.
Akarudi: "Wanataka mshipi wa babu.
Wasema si wake, ni wa chama."

Mshipi huu niliushona mimi, mwaka wa nzige,
melikani nyeupe, dhiraa mbili na shubiri,
hariri ya kijani kwa Mhindi wa Usita wa Mui.
Kushona tuliruhusiwa.
Kufua, kupiga pasi ya makaa, kufukiza udi.
Kupanda ngazi ile, hapana.

Alhamisi usiku walikutana juu, kwa Bwana Famau.
Sisi chini ukumbini twachambua mchele,
twasikia boriti zikituhesabia:
hatua saba, kimya, hodi tatu,
kisha sauti ya mgeni aliyefungwa macho
akiapa kutosema.
Mwana Hadie akanong'ona: "Hawa,
hata kutawadha hawawezi bila kumrowesha paka,
ndio watunze siri?"
Tukacheka ndani ya leso.

Mwaka mmoja tuliomba na sisi.
Wakashauriana mwezi mzima,
wakatupatia daftari, na cheo, Mama wa Chama,
na sharti: kila ukurasa
utiwe sahihi na mwanamume.
Mwana Hadie alitia sahihi kwa mkono wa kushoto,
jina la mumewe, miaka sita.
Hapana aliyeuliza.

Na neno lao, lile la mlangoni?
Shekuwe alilisema usingizini
usiku wa saba baada ya kuapishwa,
wazi, kama mtu aitaye punda wake.
Nikamgeuza ubavu.
Miaka thelathini na minne nimelilaza chini ya ulimi.
Hata yeye sikumwambia.

Ndani ya upindo wa kila mshipi,
pasipoonekana, nilitia mshono wangu:
nukta tatu na mkia, alama ya mama.
Mishipi kumi na tisa.
Wanaume kumi na tisa
walipanda ngazi ile nami kiunoni.

"Bibi, wanangoja."

Nimechukua wembe, nimekaa penye mwanga wa kiwanda.
Hariri yatoka taratibu:
mwezi, nyota, mkono ulioshika mkono.
Udi bado umo.

Haya, mpelekee Bwana Famau melikani yake.
Mwambie bibi asema ni safi, imefuliwa.

Uzi nimeuviringa kidoleni,
kile kilichovuliwa pete,
nawasikia wakikunjua, wakikunja,
wakikohoa tena.