Gusa Chuma Kwanza

Mwezi wa saba Dodoma hewa hukauka hata midomo ikapasuka,
na sweta, ukilivua gizani, hutoa cheche.
Ndiyo maana nakwambia, Nyemo: livue.
Litundike pale msumarini, karibu na kalenda ya benki.
Baridi ya asubuhi haijamuua fundi bado;
cheche isiyoonekana imeshaua kumbukumbu tatu mikononi mwangu,
na ya kwanza haikuwa mali yangu.

Zima. Zima kistaarabu,
acha skrini iage mpaka mwisho.
Chomoa waya ukutani. Sasa bonyeza tena kitufe cha kuwashia,
kishikilie. Feni itashtuka nusu mzunguko, itulie.
Ni umeme uliobaki tumboni.

Mashine hii ni ya Mama Sechelela, mtunza hazina
wa wakulima wa zabibu kule Mpunguzi.
Imekuja kwa bajaji, imefungwa kitenge, imepakatwa.
Anasema inachelewa. Anasema akifungua orodha ya madeni
hubandika chai, huinywa, huosha kikombe,
na majina bado yanakuja mojamoja
kama wadaiwa wenyewe.

Orodha tumeshainakili jana, mara mbili. Bila hivyo
nisingekuruhusu kushika hata bisibisi.
Piga picha kabla ya kugusa: kila waya, rangi yake, kiti chake.
Mikono hukumbuka kufungua; kufunga hubuni.
Skrubu ziweke kwenye vifuniko vya chupa, ndefu huku, fupi kule.

Fungua ubavu.

Tazama.

Vumbi jekundu, laini kama unga wa uwele,
miaka tisa ya upepo.
Na pale kwenye matundu ya nyuma nyigu amejenga:
udongo, vyumba vitatu, mlango mmoja,
amejiweka kama mwenye hati ya kiwanja.
Mji huu, hata nyigu!
Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.
Chukua brashi ile ya rangi isiyowahi kuonja rangi,
izuie feni kwa kidole, sugua taratibu.
Mwenye nyumba alishahama. Bomoa bila kinyongo.

Sasa gusa chuma kwanza. Hapa, pasipo na rangi.
Ndiyo hodi yetu.
Kumbukumbu ishike kingoni;
dhahabu yake usiiguse, jasho lina chumvi.
Ina pengo, nalo halikai katikati. Ikigoma, igeuze.
Anayelazimisha hununua ubao mpya.
Dole gumba huku, dole gumba huku. Kandamiza.
Ta.
Na upande wa pili: ta.
Katika kazi hii sauti ninayoiamini ni hiyo tu.

Kasha la umeme usilifungue kamwe,
hata likae mwezi mzima limechomolewa. Hilo hubadilishwa zima.
Chilewa wa Majengo alilifungua;
siku hizi anasaini kwa mkono wa kushoto.

Bado, usifunge ubavu. Washa kwanza.

Giza.
Feni inazunguka, skrini kimya.
Mama Sechelela mlangoni, kitenge kimekunjwa kwapani,
hasemi kitu, na ndivyo inavyouma zaidi.
Nyemo ameshazima, amechomoa, amerudi kwenye picha,
anakuza kwa vidole viwili: waya mweupe, mfupi,
umelala nyuma ya diski mpya kama si wetu.
Anagusa chuma. Simkumbushi.
Anauchomeka.

Majina mia mbili na nane, kwa pumzi moja.

Nilitarajia kigelegele. Mama amesoma, ameinamisha kichwa.
"Zamani," anasema, "jina la kaka yangu lilikuwa likifika
nimeshamaliza chai."

Nyemo anafunga skrubu: fupi, fupi, ndefu.
Kisha, bila kutazama mtu,
anakwenda kubandika birika.